Uhai ulianzia hapa Duniani, au uliletwa na jiwe kutoka Mirihi?

Kila wanasayansi wanapotangaza kwamba wamekuta asidi amino, yaani molekuli zinazojenga protini, ndani ya kimondo, magazeti huandika kwamba uhai ulitoka angani, na kabla ya jioni watu wanaulizana katika makundi ya WhatsApp kama kweli sisi ni wageni katika sayari hii. Swali hilo nalipenda kwa dhati, na ndiyo maana linaniuma linapovurugwa. Ndani yake mna maswali mawili yanayotofautiana sana. La kwanza ni kama malighafi ya uhai ilitoka nje ya Dunia. La pili ni kama uhai wenyewe, yaani seli iliyokamilika, inayokula na kuzaliana, ulianzia kwingine ukaletwa hapa. La kwanza limekwisha kujibiwa kwa kiasi kikubwa, na jibu lake halitoshi kujibu la pili. Aliyeletewa mchele na nazi hajaletewa wali.

Nianze na malighafi. Tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilianguka karibu na mji wa Murchison katika jimbo la Victoria, Australia, na vipande vyake vilivyookotwa vilizidi kilo 100. Maabara zilikuta ndani yake makumi ya aina za asidi amino, nyingi zikiwa hazitumiwi kabisa na viumbe wa hapa, jambo lililopunguza sana shaka kwamba ulikuwa uchafu uliopenya kutoka ardhini. Hata hivyo, vimondo vyote vina kasoro moja: vimepita angahewani, vimelala chini, na vimeshikwa na mikono ya watu. Ili kuiepuka kasoro hiyo, NASA ilituma chombo kiitwacho OSIRIS-REx kwenda kuchota udongo wa Bennu, asteroidi (jiwe linaloelea angani likilizunguka Jua) yenye upana wa karibu nusu kilometa, na tarehe 24 Septemba 2023 kapsuli yake ikatua katika jangwa la Utah ikiwa na gramu 121.6 za vumbi na kokoto nyeusi. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2025 yalionyesha kwamba vumbi hilo lina asidi amino 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe huzitumia kujenga protini, pamoja na besi zote tano zinazobeba taarifa za urithi katika DNA na RNA.

Lakini kilichonigusa zaidi katika taarifa zile kilikuwa chumvi. Watafiti waliona dalili za maji ya chumvi yaliyokauka polepole ndani ya asteroidi kubwa zaidi, ile iliyovunjika zamani na kuiacha Bennu kama masalia yake, na miongoni mwa madini yaliyobaki baada ya maji hayo kukauka yalikuwamo magadi. Ni magadi haya haya yanayochimbwa katika Ziwa Magadi na kuokotwa kandokando ya Ziwa Natron, haya tunayonunua sokoni kwa ajili ya kulainishia maharage na kande. Niliposoma hayo niliondoka mezani nikaenda jikoni, nikachukua bonge moja nikalivunja. Upande uliovunjika ulikuwa na fuwele nyembamba zilizosimama zikibanana, nyeupe katikati na zenye rangi ya majivu pembeni, na ladha yake ulimini ni ile inayokaribia ya sabuni. Madini ya namna hiyo hayapatikani bila maji yenye sodiamu kukaa, kupungua na kukauka. Kumbe hali kama hiyo ilikuwapo ndani ya jiwe lililokuwa likielea angani wakati mfumo wetu wa Jua ungali mchanga.

Kuna jambo jingine katika vumbi la Bennu ambalo magazeti yalilipita haraka. Asidi amino nyingi huwa na sura mbili zinazolingana kwa kila kitu, isipokuwa moja ni kama taswira ya mwenziwe katika kioo, na wanakemia huziita ya kushoto na ya kulia. Viumbe wote wa Dunia, kuanzia bakteria wa matopeni hadi tembo, hujenga protini zao kwa asidi amino za kushoto. Katika Bennu sura zote mbili zilikuwapo kwa viwango vinavyokaribia kuwa sawa. Hiyo ni alama ya kemia tupu isiyoongozwa na kiumbe chochote, na kwangu mimi ndiyo sababu thabiti ya kusema kwamba Bennu ilibeba viungo tu. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii ya kushoto na kulia, kwa kuwa nitaihitaji tena.

Sasa swali la pili. Wazo la uhai kusafiri kati ya dunia na dunia si geni. Mwaka 1871 Lord Kelvin, akiwahutubia wanasayansi wa Uingereza mjini Edinburgh, alisema kwamba huenda mbegu za uhai zililetwa hapa na mawe yaliyotokana na kuvunjika kwa dunia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Msweden Svante Arrhenius alifikiria vijimbegu vikisafiri peke yake, vikisukumwa na mwanga wa nyota. Wazo lake lilikwama kwenye miale ya urujuanimno, ambayo huua upesi kijidudu kisicho na kinga. Mwaka 1973 Francis Crick na Leslie Orgel walikwenda mbali zaidi wakapendekeza kwamba huenda viumbe wenye akili kutoka kwingine walituma bakteria kwa makusudi. Crick ni miongoni mwa waliogundua umbo la DNA na namheshimu, lakini pendekezo ambalo hakuna jiwe wala kipimo kinachoweza kulikanusha halinisaidii kusonga mbele. Safari za kutoka nyota nyingine naziweka kando pia. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2, na jiwe lililorushwa kutoka sayari ya huko lingezurura gizani muda mrefu mno, likipenywa na mionzi, kabla ya kubahatika kuikuta sayari ndogo kama yetu njiani. Inayobaki ni Mirihi, na ubora wa Mirihi ni kwamba mawe yake tunayo.

Asteroidi inapoigonga Mirihi, sehemu kubwa ya mwamba husagika au kuyeyuka, lakini tabaka la juu kabisa, pembeni kidogo ya mahali palipogongwa, huweza kurushwa likiwa halijaumia sana. Ili jiwe lisirudi chini linahitaji kasi ya kilometa 5 kwa sekunde, wakati hapa Duniani lingehitaji kilometa 11.2 na kupenya angahewa nzito zaidi. Kwa sababu hiyo barabara hii ina mwelekeo: ni rahisi zaidi kutoka Mirihi kuja kwetu kuliko kutoka kwetu kwenda huko. Uthibitisho wa asili ya mawe haya ulipatikana mwaka 1983, pale gesi iliyonaswa ndani ya vioo vya kimondo kimoja cha Antaktika ilipolinganishwa na hewa ya Mirihi iliyopimwa na vyombo vya Viking mwaka 1976, zikaonekana kuwa ni kitu kimoja. Hadi sasa vimondo zaidi ya 300 vimetambuliwa kuwa ni vya Mirihi, na Afrika ina sehemu kubwa katika historia yao: Nakhla kilianguka Misri mwaka 1911, Tissint kikaanguka Moroko mwaka 2011, na kati yao kuna Zagami cha Nigeria, ambacho ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Tarehe 3 Oktoba 1962 mkulima mmoja alikuwa akifukuza kunguru katika shamba lake la mahindi aliposikia mshindo mkubwa na kusukumwa na upepo wa ghafla, kisha akaona shimo hatua chache kutoka aliposimama. Ndani yake mlikuwa na jiwe la kilo 18. Mkulima yule alikosakosa kupigwa na kipande cha sayari nyingine, na wakati huo hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua kwamba ni kipande cha sayari nyingine.

(Kwa wenzangu wa Tanzania watakaouliza kuhusu Kimondo cha Mbozi kule Songwe: hicho ni cha ukoo mwingine kabisa. Ni chuma karibu asilimia 90, kilichobaki kikiwa nikeli kwa sehemu kubwa, na chuma cha namna hiyo hutokana na kiini cha asteroidi kilichowahi kuyeyuka. Hakuna kijidudu ambacho kingeishi humo.)

Jiwe lililobeba mjadala huu kwa uzito kuliko yote linaitwa ALH84001. Roberta Score aliliokota juu ya barafu ya Allan Hills, Antaktika, tarehe 27 Desemba 1984. Lina uzito wa kilo 1.93, na kwa karibu miaka tisa lilihifadhiwa likidhaniwa kuwa ni kipande cha kawaida cha asteroidi, hadi mwaka 1993 lilipotambuliwa kuwa ni la Mirihi. Mwamba wake una umri wa takribani miaka bilioni 4.1. Lilirushwa kutoka Mirihi kiasi cha miaka milioni 16 iliyopita, na likaangukia barafu yapata miaka 13,000 iliyopita. Mwezi Agosti 1996 David McKay wa NASA na wenzake walitangaza kwamba wameona ndani yake dalili za viumbe wa kale: vidonge vidogo vya madini ya kaboneti vinavyoundwa majini, fuwele ndogo za magnetiti, madini ya chuma yenye sumaku, zinazofanana na zile ambazo bakteria fulani hutengeneza miilini mwao, molekuli za kaboni, na maumbo yaliyojipinda mfano wa minyoo. Rais Clinton mwenyewe alisimama mbele ya kamera kulizungumzia jiwe hilo.

Ushahidi ule haukusimama. Maumbo yale yalikuwa madogo mno kuweza kubeba vifaa vya seli. Magnetiti ikapatikana maabara kwa kupasha kaboneti joto bila kiumbe chochote. Na mwaka 2022 Andrew Steele na wenzake walionyesha kwamba kaboni ya jiwe lile inaelezeka kwa maji kukutana na miamba. Watu wengi wanaokumbuka habari ya ALH84001 waliishia hapo, wakalihesabu jiwe lile kuwa limeshindwa. Mimi naona jambo kubwa kuliko yote lilisemwa na jiwe hilo baadaye, kwa sauti ya chini zaidi. Mwaka 2000 Benjamin Weiss na wenzake walipima sumaku iliyomo ndani yake. Madini yenye chuma hubeba kumbukumbu ya sumaku, na joto huifuta kumbukumbu hiyo kidogo kidogo. Waliona kwamba sehemu za ndani zilikuwa bado na mpangilio wa sumaku ambao ungevurugika kama zingefikia nyuzi 40 za Selsiasi. Ina maana kwamba moyo wa jiwe lile haukufikia joto hilo wakati wa kurushwa kutoka Mirihi, wala wakati wa kupita katika angahewa yetu ambapo ganda la nje liliyeyuka kwa unene wa milimita chache. Nyuzi 40 ni joto la mchana wa kawaida katika baadhi ya miji yetu. Kama bakteria wangekuwa ndani ya jiwe lile, joto la safari lisingewaua.

Bila shaka joto si adui wa pekee. Kuna mionzi, ukavu na muda. Bakteria aitwaye Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa mwaka 1956 ndani ya makopo ya nyama ambayo watafiti wa Oregon walijaribu kuisafisha kwa mionzi, huvumilia mionzi ya grei 5,000 (grei ni kizio cha kupimia mionzi), wakati grei 5 zinatosha kumuua binadamu. Wajapani waliwabandika bakteria hao nje ya kituo cha kimataifa cha anga katika jaribio waliloliita Tanpopo, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba mabonge yaliyozidi nusu milimita kwa unene yalikuwa na walio hai baada ya miaka mitatu. Tabaka la juu lilikufa lote, na maiti zao zikawakinga waliokuwa chini. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus subtilis nazo zilikaa angani karibu miaka sita, kuanzia 1984 hadi 1990, na zile zilizofichwa dhidi ya urujuanimno zikachipua zilipotiwa maji. Ugumu uko kwenye muda, kwa maana mawe mengi ya Mirihi huzurura mamia ya maelfu au mamilioni ya miaka kabla ya kufika. Ni machache tu yanayobahatika kupata njia fupi, na kama kuna msafiri aliyefika hai, alikuwa katika hayo machache.

Haki inanilazimu nitaje pia jaribio lililoshindwa. Mwaka 2005 watafiti wa Ulaya walibandika kipande cha mwamba kwenye ngao ya chombo Foton, wakiwa wamepanda ndani yake, milimita chache kutoka juu, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Chombo kiliporudi angahewani joto lilipenya na bakteria wote wakafa. Viumbe wa aina hiyo hawawezi kukaa ndani sana ya jiwe kwa sababu mwanga hauwafikii, na hapo juu wanapopata mwanga ndipo panapoungua. Kwa hiyo, kama kweli kuna aliyevuka, hakuwa mla mwanga; alikuwa kiumbe wa gizani, anayeishi kwa kemia ya mwamba. Jaribio hili halikuifunga barabara, bali limetuonyesha ni nani angeweza kuipita.

Mpaka hapa nimezungumzia barabara tu, na barabara kuwa wazi hakuthibitishi kwamba ilitumika. Je, Mirihi ilikuwa na msafiri wa kumtuma? Mahali pa kuishi palikuwapo. Ilijengeka mapema kuliko Dunia, ikapoa mapema kwa udogo wake, na haikupata pigo kubwa kama lile linaloaminika kuuzaa Mwezi wetu kiasi cha miaka bilioni 4.5 iliyopita. Ilikuwa na mito na maziwa. Mwaka 2013 mwanakemia Steven Benner alitoa hoja kwamba RNA, molekuli ambayo wengi huiona kuwa mtangulizi wa DNA, hutengenezeka kwa urahisi zaidi pakiwapo boroni, molibdenamu iliyooksidishwa na nchi kavu, na kwamba Mirihi ya kale ilikuwa na vitu hivyo wakati Dunia ilikuwa imefunikwa na maji. Miaka michache baadaye gari la NASA liitwalo Curiosity likakuta boroni kweli katika kasoko ya Gale huko Mirihi.

Hoja hiyo ilinivuta kwa muda mrefu, na sehemu yake moja bado inanivuta: maji yanayouhifadhi uhai ndiyo hayo hayo yanayoikata RNA vipande, hivyo mahali pa kuanzia palihitaji kulowa na kukauka kwa zamu. Ninapoachana na Benner ni pale anapoinyima Dunia mahali pa namna hiyo. Visiwa vya volkano na chemchemi za moto vinaweza kutokea hata katika dunia iliyojaa bahari. Tena mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba maziwa yenye kaboneti nyingi, wakilitaja Ziwa Magadi miongoni mwa mifano, hukusanya fosfeti kwa kiwango kinachoweza kufikia mara 50,000 ya kile cha bahari. Fosfeti ndiyo uti wa mgongo wa DNA na RNA, na uhaba wake ulikuwa kikwazo cha miaka mingi kwa wanaotafuta chanzo cha uhai. Kalsiamu kwa kawaida huishika fosfeti na kuizamisha; katika maziwa ya magadi kalsiamu hushikwa na kaboneti, fosfeti ikabaki huru majini. Maziwa ya jinsi hiyo hutokea kwenye miamba ya volkano na jua kali, na sioni kwa nini Dunia changa iyakose.

Hoja nyingine inayotumiwa na watetezi wa Mirihi ni ya muda. Fuwele za zirkoni, madini magumu yanayodumu kuliko miamba iliyoyazaa, za Jack Hills, Australia, zinaonyesha kwamba Dunia ilikuwa na maji miaka bilioni 4.4 iliyopita. Katika miamba ya Pilbara, nchi hiyo hiyo, kuna masalia ya tabaka zilizojengwa na vijidudu yenye umri wa miaka bilioni 3.48. Mwaka 2024 kundi la watafiti, kwa kulinganisha jeni za viumbe wa leo, lilikadiria kwamba babu wa mwisho tunayechangia sote aliishi miaka bilioni 4.2 iliyopita, naye tayari alikuwa na protini za aina 2,600 hivi. Hapo ndipo wengine husema kwamba muda hautoshi, lazima uhai ulipata mwanzo kwingine. Sikubaliani nao. Miaka milioni 200 ni mingi mno kwa kemia ambayo hatua zake hupimwa kwa saa na siku, na kuhamia Mirihi kunaongeza labda miaka milioni mia moja. Nyongeza hiyo ni ndogo mno kubeba hoja nzima.

Basi nikipima yote, naona uzito uko upande wa Dunia, lakini Mirihi siifuti, kwa kuwa kila hatua ya safari imepimwa na hakuna iliyoonekana kuwa haiwezekani. Kitakachonigeuza ni jiwe, na huenda jiwe lenyewe limekwisha kuchimbwa. Julai 2024 gari jingine la NASA huko Mirihi, Perseverance, karibu na kasoko ya Jezero, lilikuta mwamba uliopewa jina Cheyava Falls, wenye madoa meupe yaliyozungukwa na kingo nyeusi, na utafiti uliochapishwa Septemba 2025 ulieleza kwamba madoa hayo yanaelekea kuwa na vivianiti na greigiti, madini ya chuma ambayo hapa Duniani mara nyingi huachwa na vijidudu vinavyokula kwenye matope. Sampuli yake iko ndani ya mrija, ikisubiri kuletwa. China nayo imepanga kurusha chombo Tianwen-3 mwaka 2028 hivi kwenda kuchukua sampuli zake yenyewe.

Sampuli hizo zikifika, nitakachotaka kujua kwanza ni ile habari ya kushoto na kulia. Asidi amino hugeuka sura taratibu kadiri miaka inavyopita, lakini baridi ya Mirihi, yenye wastani wa nyuzi 60 chini ya sifuri, huchelewesha kugeuka huko. Sura zote mbili zikiwa sawa kwa sawa, tutakuwa tumekuta malighafi kama ya Bennu, au mabaki yaliyozeeka kupita kiasi. Za kulia zikizidi mno, tutajua kwamba uhai ulianza mara mbili katika mfumo mmoja wa Jua, na wazo la kwamba tulitoka Mirihi litakuwa limepata pigo kubwa. Za kushoto zikizidi mno, undugu utawezekana, na hapo kazi itakuwa ni kuhakikisha kwamba si bakteria wa kwetu waliopanda chombo kutoka Dunia, kisha kutafuta masalia ya molekuli zinazobeba taarifa za urithi na kuyalinganisha na ya kwetu, kipande kwa kipande.